Barua ya wazi kwa bodi inayotupa leseni wahandisi: muhuri wangu unatembea bila mimi

Kwa Mwenyekiti na wajumbe wote wa bodi,
Nakala: wenye makampuni ya ushauri wa kihandisi, na kila injinia mwenye muhuri kwenye droo.

YAH: MUHURI WANGU KUTUMIKA BILA MIMI MWENYEWE KUWEPO

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimeanza hivo makusudi maana ndivyo nilivyoanza zile barua tatu za mwanzo, zenye heshima zote, nimezileta kwa mkono wangu mapokezi, zikagongwa "imepokelewa", na mpaka naandika hii sijapata jibu hata la mstari mmoja. Nilichopata ni meseji ya kunikumbusha ada ya mwaka. Hiyo haikuchelewa, imeingia siku yenyewe saa mbili asubuhi. Kwaiyo namba yangu mnayo, mfumo unafanya kazi, na kuna mtu anakaa hapo anaangalia nani anadaiwa. Ndio maana leo nimeamua kusema mbele ya watu.

Ilikuwa hivi. Nilipita njia ambayo huwa sipiti, kuna saiti ya ghorofa sita inapanda, na mimi kama injinia yeyote siwezi kupita saiti nisitazame juu, alafu nikatazama ubao, ule ubao wa bati unaoandikwa mteja nani, mkandarasi nani, msanifu nani. Kwenye mstari wa injinia wa miundo kuna jina langu. Majina matatu yote na hakuna herufi iliyokosewa. Nilisimama pale kama mtu aliyekuta tanzia yake mwenyewe gazetini.

Nikaingia. Fomeni mtu mwema tu, akanipa helmeti, nikamwomba nione michoro kama mgeni anayetaka kujifunza. Akaileta imekunjwa, ina madoa ya saruji, karatasi kumi na mbili, na kila moja ina muhuri wangu na sahihi yangu. Sasa muhuri wangu una kidonda, uliwahi kuanguka ule mpira ukakatika kidogo kwenye herufi N na sikuwahi kuubadilisha. Kwenye zile karatasi kidonda kipo. Ila muhuri umeinama vilevile kwenye karatasi zote, na mkia wa sahihi unakata ule mduara palepale, mara kumi na mbili. Mkono wa binadamu haufanyi hivo hata ukilipwa. Ni skani. Kampuni niliyoifanyia kazi miaka minne nikaacha, walibaki na picha ya muhuri wangu kwenye kompyuta yao na wanaibandika kama stika.

Kampuni siitaji hapa. Jina mnalo, liko ukurasa wa pili wa barua yangu ya kwanza, kama kuna mtu aliyefika ukurasa wa pili.

Alafu nikatazama kolamu, yani nguzo za jengo, zile nondo zinazochungulia juu ya slabu kusubiri ghorofa inayofuata. Mchoro unasema nondo nane za milimita 20. Pale kuna nane za 16. Pembeni ya mchoro kuna maandishi ya kalamu ya bluu: "tumia 16, injinia amekubali". Injinia gani? Nilimuuliza fomeni, injinia huyu aliyekubali mmeongea naye lini, akasema yeye hajawahi kumwona, anapokea maelekezo kwa simu kutoka ofisini. Nikamwambia basi unaongea naye sasa hivi, ndio mimi, na sijakubali. Yule baba alinitazama, akatazama mchoro, akavua helmeti yake akakaa juu ya mfuko wa saruji.

Kwa wasio wa fani, mtu akisikia 20 imekuwa 16 anaona milimita nne tu, tofauti gani hiyo. Ila nondo inabeba kwa eneo lake. Ya 20 ina milimita za mraba 314, ya 16 ina 201. Hapo umeshatoa zaidi ya theluthi ya chuma kwenye kolamu, na ni kolamu za chini zinazobeba ghorofa zote za juu. Na ringi nazo, vile vyuma vyembamba vinavyozungushiwa nondo, mchoro unataka kila sentimita 15, kwenye kolamu iliyosukwa siku ile naingiza viganja vyangu viwili kwa upana na bado vinacheza kushoto kulia. Ringi ndio inayozuia nondo zisitawanyike nje mzigo ukizidi. Ukizipunguza zote mbili kwa pamoja umeondoa chuma na umeondoa mkanda uliokuwa unakishika.

Basi hayo ndio yaliyonileta. Naomba niyapange sasa kwa namba kama mnavyopenda.

1. Muhuri umekuwa bidhaa, na nyie mnajua.

Nianze na langu kabla sijanyoosha kidole. Mwaka wangu wa kwanza baada ya kupata leseni nilishawahi kugonga muhuri michoro ambayo sikuihesabu. Mzee mmoja ofisini aliniletea jioni, akasema imeshaangaliwa, wewe gonga tu tuwahi kupeleka kibali kesho. Nikagonga. Ile kazi naikumbuka kuliko zote nilizofanya kihalali, na niliwaandikia habari yake kwenye barua ya pili, nikasema kama kuna adhabu nipeni. Hamkunijibu hata hilo! Mtu anakiri kosa kwa maandishi na bodi haina habari naye.

Kwaiyo siongei kama mtakatifu. Naongea kama mtu anayejua inavyofanyika. Kijana hana leseni, anachora, anatafuta mwenye leseni, wanaelewana, muhuri unagongwa mia kwa siku. Wengine wanauacha kabisa ofisini kwa mtu, wao wako safarini huko, kazi zinatoka na majina yao. Wengine kama mimi hawajui hata kama majina yao yanatoka.

Na hii leseni yenyewe ilizaliwa kwa sababu hiyohiyo. Sheria ya kwanza Marekani ya kumtaka injinia awe na leseni ilipitishwa jimbo la Wyoming mwaka 1907, na kilichowasukuma ni maombi ya vibali vya maji yaliyokuwa yanaletwa na ramani mbovu zilizosainiwa na mtu yeyote tu aliyejiita injinia au mpima, wakiwemo mawakili. Yani leseni ilikuja ili sahihi iwe na mtu nyuma yake. Sasa sisi tuna leseni, tuna muhuri wa duara wenye namba, na nyuma yake hakuna mtu. Tumerudi kulekule ila safari hii tuna risiti.

2. Mabadiliko ya saiti hayana mwenyewe.

Hii ya "tumia 16, injinia amekubali" naomba msione kama kituko cha saiti moja. Tarehe 17 Julai 1981, hoteli ya Hyatt Regency pale Kansas City, watu wamejaa ukumbini kuna dansi, njia mbili za kutembelea zilizoning'inizwa juu, ya ghorofa ya nne na ya pili, zikaanguka moja juu ya nyingine. Walikufa watu 114. Na chanzo chake ni kitu ambacho kila mmoja wetu kimeshapita mezani kwake. Mchoro wa mwanzo ulitaka fimbo ndefu moja ya chuma ipite njia zote mbili mpaka kwenye paa. Watengenezaji wa chuma wakaona tabu, fimbo ndefu yote ile kuitia hesi ili nati ipande, wakapendekeza fimbo zikatwe ziwe mbili, ya kwanza inatoka paani inashika njia ya juu, ya pili inaanzia kwenye njia ya juu inashika ya chini. Kwenye karatasi ni kitu kidogo sana. Ila nati iliyokuwa ibebe njia moja ikajikuta inabeba mbili.

Ile michoro ilipita kwa mainjinia ikarudi na muhuri wa kukubaliwa. Hakuna aliyekaa na kalamu akauliza huu mzigo sasa unaenda wapi, swali ambalo mwanafunzi wa mwaka wa pili angelijibu kwa dakika tano. Wachunguzi walikuta hata ule muungano wa mwanzo kabla ya kubadilishwa haukuwa unafikia kiwango cha kanuni za ujenzi za pale. Mainjinia wawili wakuu wa kazi ile walinyang'anywa leseni Missouri. Walipojitetea kwamba maungio ni kazi ya mtengenezaji hawakusikilizwa, waliambiwa muhuri ni wenu na jukumu ni lenu.

Sasa mimi nauliza, siku kolamu zile zikizidiwa, nani ataitwa? Jina kwenye ubao ni langu.

3. Vyeti vya zege vinavyotoka kabla zege halijakomaa.

Fupi hii. Fomeni alinionyesha faili la vipimo. Zege la msingi limemwagwa tarehe 9, cheti cha siku 28, yani cha zege linalosubiriwa siku 28 ndio livunjwe, kimetoka tarehe 24 ya mwezi huohuo. Hesabu wenyewe. Na vile vipande sita vya kupima vyote vimevunjika kwenye namba zinazofuatana kama watoto wa darasa wamepanga mstari, 27.3, 27.4, 27.3, 27.4. Aliyewahi kusimama kwenye mashine ya kuvunjia anajua zege haliko hivo, hata la lori moja, siku moja, fundi mmoja, moja litavunjika 25 na jingine 31. Namba zikipendeza sana ujue zimetoka kwenye kibodi.

Maabara ina leseni. Leseni imetoka kwenu.

4. "Kompyuta ndio imehesabu."

Nilipopiga simu ile kampuni, kabla hata hatujafika kwenye muhuri, kijana aliyepokea akaniambia jengo liko salama, programu imepitisha, kila kitu kijani. Mdogo wangu, programu inapitisha ulichoiambia. Ukiiambia kolamu ina nondo za 20 itakupa kijani ya 20, yenyewe haiendi saiti.

Paa la uwanja wa Hartford Civic Center kule Marekani lilihesabiwa kwa kompyuta zama ambazo hilo lilikuwa jambo la kujivunia sana. Wakati wa ujenzi lilionekana linapinda karibu mara mbili ya kompyuta ilivyosema, watu wa saiti wakauliza, wakajibiwa tofauti kama hizo ni za kawaida. Tarehe 18 Januari 1978 alfajiri likaanguka na theluji juu yake. Masaa machache kabla ya hapo kulikuwa na maelfu ya watu ndani wanaangalia mpira wa kikapu. Hakufa mtu, ilikuwa bahati ya saa tu. Chuma kilishawaambia kwa macho kwamba hesabu ina kosa, wao wakaamini karatasi.

5. Anayesema ndio anayeadhibiwa, na hata akisikilizwa hana nguvu ya kusimamisha kazi.

Hapa naomba mnivumilie nirefushe, kwa sababu hapa ndio ninapowadai zaidi.

Siku ile nilimwomba fomeni asimwage zege kesho yake. Akasema injinia mimi nakuelewa ila lori limeshaagizwa, nikisimamisha mimi kesho nyumbani. Nikampigia bosi wa kampuni. Hakukana hata kidogo. Aliongea taratibu, kwa sauti ya kindugu, akasema ungekuja kwanza tuongee sisi kwa sisi, haya si mambo ya kuanika, na fungu lako lipo tulikuwa tunakutafuta. Fungu langu! Nilipokataa sauti ikabadilika, akaniuliza kama najua dunia hii ya kazi ni ndogo kiasi gani. Kweli ni ndogo. Kazi mbili nilizokuwa nimeshaahidiwa zikayeyuka ndani ya mwezi na hakuna aliyeniambia sababu.

Zege lilimwagwa.

Mnakumbuka usiku wa tarehe 27 Januari 1986, kikao cha simu kabla ya chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kurushwa. Mainjinia wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi zake, akiwemo Roger Boisjoly aliyekuwa ameshaandika onyo lake tangu Julai mwaka uliotangulia, walisema mipira ya kuzibia maungio ya roketi haifanyi kazi vizuri kwenye baridi, msirushe. Mabosi wakakata simu wajadiliane wenyewe, na mkubwa mmoja akamwambia mkuu wa uinjinia avue kofia ya uinjinia avae ya umeneja. Akavaa. Asubuhi yake chombo kikasambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, watu saba wakafa. Allan McDonald, wa kampuni hiyohiyo, aliyekataa kusaini kwamba kirushwe, alikuja kupunguziwa cheo baada ya kusema ukweli mbele ya tume iliyochunguza ajali, mpaka bunge lao lilipoingilia ndio akarudishwa, na yeye huyohuyo ndiye aliyepewa kusimamia kuitengeneza upya roketi. Boisjoly alitengwa na wenzake akaacha kazi. Hao walikuwa na bunge nyuma yao. Mimi nina nyie.

Na kuna daraja la Quebec, Kanada, 1907, mwaka uleule wa sheria ya Wyoming. Daraja lilikuwa katikati ya ujenzi, vyuma vya chini vinavyobeba mgandamizo vimeanza kupinda, injinia kijana wa saiti Norman McLure ameona, amepima, ameandika, na kwa kuwa saiti ile hakukuwa na mtu mwenye mamlaka ya kusema simama, akapanda treni mpaka New York kumtafuta mshauri mkuu Theodore Cooper, mzee wa miaka 68 mgonjwa aliyekuwa anaendesha kazi yote kutoka huko. Cooper alielewa mara moja. Akatuma telegramu kwamba mzigo wowote usiongezwe mpaka jambo liangaliwe. Ila akaituma kwa kampuni ya chuma kule Pennsylvania, haikwenda saiti. Jioni hiyohiyo, Agosti 29, daraja likaanguka na wafanyakazi 75 wakafa. Mara nyingi nimekifikiria kile kipande cha karatasi. Maneno yake yalikuwa sahihi kabisa, na yalikuwa yamekaa kwenye ofisi isiyo yake, kama barua zangu tatu.

Mtasema ni ya zamani. Haya, Machi 15, 2018, daraja la waenda kwa miguu la chuo kikuu cha FIU kule Florida, nyufa zinaonekana siku nyingi, picha zimepigwa, asubuhi ya siku yenyewe wamekaa kikao kuzijadili wakaambiwa hakuna hatari, barabara chini imeachwa wazi magari yanapita, na mchana likaanguka wakafa watu sita. Kwenye kile kikao kulikuwa na mbunifu, mkandarasi, msimamizi, mwenye daraja na watu wa barabara, kila mmoja angeweza kusema tufunge barabara, kila mmoja akamtazama mwenzake.

Na Rana Plaza, Bangladesh, 2013. Nyufa zimeonekana Aprili 23, injinia akaitwa akasema jengo si salama, benki iliyokuwa chini ikawaondoa watu wake. Washonaji wa nguo wa ghorofa za juu wakaamriwa warudi kesho yake, jengo likaanguka. Walikufa watu 1,134.

Kwaiyo mtu wa kuona ufa huwa yupo. Anayekosekana ni wa kumsikiliza, tena mwenye kalamu inayosimamisha kazi. Na kalamu hiyo waheshimiwa iko mezani kwenu.

Sasa najua mtakavyonijibu, maana karani wenu mmoja alinidokeza korido.

Mtasema hili ni suala la polisi, kugushi ni jinai. Nimeenda polisi, wameandika, wameniambia wanahitaji barua ya bodi kuthibitisha kwamba muhuri ni wangu na kwamba sikuhusika. Barua hiyo ndiyo niliyoiomba kwenye barua yangu ya tatu.

Mtasema hamna watu wa kutosha kukagua kila saiti. Sijaomba mkague kila saiti, nimeomba mkague moja. Na mbona wa kufuatilia ada wanatosha?

Mtasema tukianza kufungua mafaili tutaichafua fani. Hili najua linasemwa na watu wazuri tu, wenye nia njema, kwaiyo acha nilijibu kwa adabu. William LeMessurier, aliyebuni mifupa ya jengo la Citicorp New York, ghorofa 59, aligundua mwaka 1978 watu wameshahamia kwamba maungio yamefungwa kwa boliti badala ya kuchomelewa na upepo ukija kwa pembe yanazidiwa. Angeweza kunyamaza, alishawahi kusema alifikiria hata kujiua. Akaenda kwa mwenye jengo akasema kosa hili hapa, wakachomelea usiku kwa usiku mpaka likawa imara, na leseni yake hakuna aliyeigusa. Mimi namheshimu kwa hilo, japo kuna sehemu sikubaliani naye, kwamba wakazi wa jirani hawakuambiwa kitu na habari ikakaa kimya mpaka 1995. Ila mnaona wenyewe, aliyekiri ndiye anayetajwa madarasani kwa heshima. Anayeichafua fani ni huyu anayebandika skani.

Na kuna la mwisho, kwamba mimi nina kisasi na mwajiri wangu wa zamani. Sawa, chukueni kwamba ninacho. Nondo ya 16 haiwi 20 kwa sababu aliyeipima ana hasira.

Ninachoomba ni hiki. Kwanza kabisa, kabla ya mimi na kabla ya kampuni, jengo lile lipimwe. Mashine ya kuonesha nondo ndani ya zege bila kuvunja ipo, ni kazi ya siku moja, zikatobolewe sampuli za zege kwenye kolamu za chini zikavunjwe kwenye maabara nyingine, na mpaka majibu yatoke asilale mtu mle. Likiwa salama nitaandika barua nyingine ya wazi kama hii, ndefu kama hii, kuomba radhi, na nitatoa jina langu mstari wa kwanza.

Pili, nataka barua ya kuthibitisha muhuri wangu ili polisi wafanye kazi yao, na muhuri wangu wa sasa ufutwe nipewe mwingine. Na ile kazi ya mwaka wangu wa kwanza, niiteni nijibu.

Tatu, mtuwekee daftari la miradi kwenye mtandao, kila kibali kinachotoka na muhuri wa injinia kionekane chini ya jina lake, nikiamka asubuhi nifungue nione jina langu liko wapi na wapi. Mwananchi naye afungue. Mfumo wa ada tayari unanijua kwa namba, kuongeza ukurasa mmoja hapo si kujenga roketi. Injinia ambaye kwenye daftari ana majengo arobaini kwa mwezi mumuulize analala saa ngapi.

Nne, injinia akileta taarifa ya hatari yenye vipimo na picha, pawe na saa 48 za kujibiwa na kazi isimame wakati mnaangalia. Na atakayemfukuza au kumnyima kazi kwa sababu hiyo naye leseni yake ikae mezani kwenu. Na maamuzi yenu ya nidhamu mtangaze, na sababu zake, maana sasa hivi tunajua tu nani kafutwa kwa kutolipa.

Kanada wahandisi wakihitimu wana hafla moja, tangu 1925, wanavishwa pete ya chuma kidole kidogo cha mkono wanaoandikia, ili kila ukisaini ile pete inagusa karatasi. Siwaombi pete. Mimi nimeshaununulia muhuri wangu kidroo chenye kufuli, na kile kidonda cha herufi N nimekipiga picha ya karibu nikakiambatanisha hapa pamoja na zile karatasi kumi na mbili, vyeti vya tarehe 9 na 24, na nakala za barua tatu zenye mihuri yenu ya "imepokelewa". Mihuri yenu mitatu imeinama tofauti tofauti kama inavyotakiwa, kwaiyo najua kuna mtu aliigonga kwa mkono.

Nawapa siku kumi na nne kutoka leo. Zikiisha nitapeleka mafaili haya kwa mamlaka inayotoa vibali vya kukalia majengo na kwa kila mpangaji nitakayemkuta pale mlangoni, mmoja mmoja. Juzi nimepita tena. Ghorofa ya pili imeshawekwa mapazia.

Wenu mtiifu,

Injinia wa miundo, mwanachama hai,
ada ya mwaka huu imelipwa.